Gari Likifeli Kipimo cha Moshi, Mwenyewe Apewe Namba

Miraa haingoji mtu. Ikishachumwa asubuhi katika mashamba ya Igembe, Kaunti ya Meru, na kufungwa kwa majani ya mgomba, ina takriban siku mbili kabla haijapoteza makali, kwa kuwa kathinoni, kemikali inayoipa stimu, huanza kuharibika jani linaponyauka. Kwa hiyo mchana ukifika, pikapu za Toyota Hilux na vigari vya Probox huondoka Laare kuelekea Maua vikiwa vimesheheni magunia, vipite Meru, Chuka na Embu, viingie Nairobi baada ya safari ya karibu kilomita 300. Macho ya dereva yako mbele, kwenye kona na kwenye saa. Wanaouona moshi ni waliobaki nyuma: mama muuza ndizi kando ya lami, watoto wanaotoka shule, mwendesha bodaboda aliyekwama nyuma ya pikapu inayopanda mlima na mzigo.

Moshi huo hauishii kwenye kuwasha macho. Juni 2012, IARC, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani, iliuingiza moshi wa dizeli katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, kundi moja na sigara na asbesto. Kenya nayo haijakosa sheria. Kanuni za trafiki zinakataza tangu zamani gari kutoa moshi unaoweza kuepukika. Mwaka 2006 zikatungwa kanuni za kudhibiti moshi wa mafuta chini ya sheria ya mazingira, na mwaka 2014 zikafuata kanuni za ubora wa hewa ambazo NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, inapaswa kuzisimamia. Magari ya abiria na ya biashara hutakiwa kukaguliwa kila mwaka. Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi Barabarani, NTSA, imekuwa ikipendekeza kwamba hata magari ya kibinafsi yaliyopita miaka 4 tangu kuundwa yapangwe kwenye foleni ya ukaguzi. Pendekezo hilo likishika, magari machache sana ya Laare yatabaki nje. Kenya inaruhusu gari kuukuu kuingizwa nchini likiwa na umri wa hadi miaka 8, na mengi huwa yameshapita miaka 4 kabla hata hayajapewa nambari ya usajili.

Kinachosahaulika katika mjadala wote huu ni mtu aliyepeleka gari lake kwa hiari, akalipa ada, akasimama foleni, halafu akaambiwa limefeli kwa moshi. Anarudi nyumbani na nini?

Mara nyingi anarudi na neno hilo tu. Kwa miaka mingi ukaguzi wa magari nchini umetegemea zaidi macho na uzoefu wa mkaguzi kuliko mashine, na hata mashine inapokuwepo, mwenye gari hujali tu kujua kama amepita au hakupita. Neno "limefeli" halimwambii fundi aanzie wapi. Basi mwenye gari huingia gereji ya jua kali, fundi akafungua boneti, akasikiliza injini ikinguruma, akatamka: "Baite, hii ni plagi." Plagi zinabadilishwa na moshi unabaki. Wiki inayofuata ni pampu ya mafuta. Ya tatu ni sensa iliyonunuliwa Kirinyaga Road, Nairobi, ikiwa imetumika na haina dhamana. Mwisho pesa zinaisha, na mwenye gari anaanza kusikiliza wanaomnong'oneza kwamba cheti kinaweza kupatikana bila gari kuguswa, au hata bila gari kufika kituoni. Njia hiyo inawavutia watu hata waaminifu, kwa sababu kwa hesabu ya mfuko ni nafuu kuliko kubahatisha vipuri.

Hapo ndipo hoja ya makala haya ilipo. Gari likipimwa moshi, mwenyewe ana haki ya kupewa karatasi yenye namba zote zilizosomwa na mashine, pamoja na muda wa kutengeneza na kurudi kupimwa tena. Namba hizo ndizo matibabu yenyewe. Bila namba, kipimo kinabaki kuwa ushuru mwingine wa barabarani.

Mashine ya kupima moshi wa petroli huingiza mrija ndani ya ekzosi na kutoa majibu kwa muda mfupi. Husoma monoksidi ya kaboni, ambayo mafundi huiita CO, haidrokaboni, au HC, yaani petroli iliyotoka bila kuungua, kaboni dioksidi, na oksijeni iliyobaki. Kutokana na hizo hukokotoa lambda, namba inayoonyesha kama mafuta na hewa vinakutana kwa kipimo sahihi. Gramu 1 ya petroli huhitaji gramu 14.7 za hewa ili iungue yote, na hapo lambda ni 1. Nchini Uingereza, gari la petroli lenye kisafisha moshi hutakiwa lambda yake iwe kati ya 0.97 na 1.03.

Fundi aliyefundishwa kusoma namba hizo hahitaji kubahatisha. CO ikiwa juu na oksijeni chini, injini inalishwa mafuta mengi kupita hewa iliyopo. HC ikiwa juu huku CO ikiwa chini na oksijeni ikiwa nyingi, kuna silinda isiyowaka vizuri: plagi imechakaa, koili imekufa, au kuna mpira uliopasuka unaonyonya hewa isiyohesabiwa. CO na HC zikiwa zote juu ilhali lambda iko karibu na 1, injini huenda haina kosa lolote, na kisafisha moshi ndicho kilichochoka. Hayo ni magonjwa matatu tofauti yenye gharama tofauti kabisa, na mkaguzi anayesema "limefeli" anayaita yote kwa jina moja.

Chukua Probox ya mwaka 2005 yenye injini ya 1NZ-FE ya lita 1.5, gari ambalo kila fundi wa Igembe analifahamu kama kiganja chake. Tuseme imepimwa na CO iko juu. Kabla ya kununua chochote, fundi achomoe kichujio cha hewa. Barabara za kwenda mashambani ni za vumbi jekundu la volkano, na kichujio kilichobadilishwa mwezi wa kwanza kinaweza kuwa kimeziba kabla ya mwaka kufika nusu. Kisha achomoe plagi na kuziangalia kwenye mwanga wa jua. Ncha yenye rangi ya hudhurungi iliyokauka ni ya injini yenye afya. Masizi meusi yanayofutika kwa kidole yanathibitisha mafuta yamezidi. Masizi yenye unyevu wa oili yanaonyesha ringi za pistoni au sili za valvu zimelegea, na hapo ugonjwa ni mkubwa zaidi. Achomoe pia kijiti cha oili na kukinusa. Oili inayonuka petroli imechanganyika na mafuta yasiyoungua, na mvuke wake hurudishwa ndani ya injini na kupandisha namba hata baada ya vingine vyote kutengenezwa. Kubadilisha oili kabla ya kipimo ni jambo rahisi linalosahaulika mno.

Halafu kuna thamostati. Hili linastahili kusemwa kwa sauti, kwa sababu ni kosa lililoenea Afrika Mashariki nzima. Injini ikichemka, fundi huitoa thamostati na kuitupa, akimwambia mwenye gari kwamba hicho ni kifaa cha nchi za barafu. Sivyo. Thamostati ya injini hii hufunguka maji yakifika nyuzi 80 hivi za Selsiasi, na kabla ya hapo huyazuia yasiende kwenye rejeta ili injini ipate joto lake. Ikiondolewa, maji huzunguka muda wote, injini hubaki baridi, na kwa watu wa milima ya Nyambene wanaoondoka alfajiri kukiwa na ukungu hali huwa mbaya zaidi. Kompyuta ya gari inaposoma kwamba injini ni baridi, inafanya kile ilichoagizwa na walioiunda: inaongeza petroli. Mwenye gari analalamika kwamba Probox yake imekuwa mlafi, CO inapanda, na kisafisha moshi kinaharibika polepole kwa kumiminiwa mafuta mabichi. Kifaa kidogo cha bei ya chini kimetupwa, na gharama yake inalipwa kila siku kwenye kituo cha petroli.

Sensa ya oksijeni ifuate baada ya hayo, si kabla. Sensa hiyo hukaa kwenye ekzosi na kuiambia kompyuta kama moshi umebaki na hewa nyingi au kidogo. Lakini ekzosi ikiwa na ufa au gasketi iliyotoboka mbele ya sensa, hewa ya nje hupenya, sensa hudhani injini ina njaa, na kompyuta huongeza mafuta yasiyotakiwa. Mtu akibadilisha sensa bila kuchomelea ufa atakuwa amenunua kipuri kipya kimdanganye vile vile. Taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi, gari lisomwe kwa mashine ya kompyuta, ambayo siku hizi hata gereji ndogo huwa nayo. Lakini fundi akumbuke kwamba msimbo unaotaja sensa unaeleza malalamiko yaliyofika kwenye kompyuta, na malalamiko hayo yanaweza kuwa yamesababishwa na kitu kingine kabisa.

Kisafisha moshi chenyewe kiwe cha mwisho kulaumiwa. Ni lile kopo la chuma lililofungwa kwenye ekzosi, ndani likiwa na jiwe lenye matundu madogo kama sega la nyuki, lililopakwa platinamu, paladi na rodi. Hubadilisha CO na petroli mbichi kuwa kaboni dioksidi na mvuke wa maji, na huanza kazi hiyo sawasawa likishapata joto la nyuzi 250 hadi 300 hivi. Gari lililotoka Laare likiwa moto kisha likakaa foleni kwa saa kadhaa huku limezimwa linaweza kufeli kwa sababu tu kopo limepoa. Dereva aombe dakika chache za kupasha injini kabla mrija haujaingizwa. Ni ombi la haki, na mkaguzi anayejua kazi atalikubali.

Madini hayo matatu ni ya thamani, na hapo ndipo balaa lilipoingia. Magari mengi kuukuu nchini yameshapoteza kisafisha moshi: kimeibwa gari likiwa gereji, au mwenyewe amekiuza kwa wanunuzi wanaopita wakivitafuta, na mahali pake pamechomelewa bomba tupu. Fundi humwambia gari litapata nguvu. Kinachoongezeka hasa ni kelele na sumu. Gari la namna hiyo haliwezi kupita kipimo cha kweli hata injini ikiwa mpya, na kipuri kipya halisi huweza kumzidi mwenye Probox ya zamani uwezo.

Wenye magari wasibebeshwe lawama zote, maana baadhi ya magari hufika bandarini yakiwa na kasoro. Oktoba 2020, Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, lenye makao makuu pale Gigiri, lilitoa ripoti iliyoonyesha kwamba kati ya mwaka 2015 na 2018 magari madogo milioni 14 yaliyotumika yalisafirishwa kutoka Ulaya, Marekani na Japani, na asilimia 40 yakaja Afrika. Wakaguzi wa Uholanzi walipochunguza yaliyokuwa yakiondoka kwenye bandari zao, walikuta mengi hayana cheti halali cha kuwa barabarani na mengine yameshang'olewa kisafisha moshi. Kenya imejikinga kwa kiasi: kikomo cha miaka 8 na ukaguzi kabla ya gari kupakiwa melini vimelifanya soko letu kuwa safi kuliko la majirani kadhaa. Gari dogo la petroli la kizazi cha Probox likiwa Japani haliruhusiwi kutoa CO zaidi ya asilimia 1 wala HC zaidi ya sehemu 300 kwa milioni injini ikiwa imetulia. Maana yake Probox ile ile inayofuka leo Laare iliwahi kupita kipimo kikali, na ikitunzwa inaweza kukikaribia tena. Uchafu mwingi umezaliwa hapa hapa, kwenye matunzo.

Hilux za zamani za dizeli zina kesi yao. Injini za 2L, 3L na 5L hazina kompyuta ya kujirekebisha, na pampu yake ya mafuta hupima dizeli kwa chuma na springi. Kimo hapa kina neno. Laare iko juu ya mabega ya milima ya Nyambene, ambayo kilele chake kinazidi mita 2,500, na mtu akiwa mita 1,500 juu ya usawa wa bahari hewa huwa imepungua kwa takriban asilimia 15. Pampu iliyorekebishwa kwa hewa nzito ya pwani ikiletwa huku hutia dizeli ile ile kwenye hewa pungufu, na kinachobaki hutoka kikiwa masizi. Juu ya hapo, dereva anayekimbizana na ndege inayopeleka miraa Mogadishu humwomba fundi aifungue pampu kidogo zaidi ili gari livute milima ya Chuka na bonde la Nithi. Fundi anazungusha skrubu, gari linavuta, na wingu jeusi linawafuata hadi Embu.

Rangi ya moshi wa dizeli ni ushahidi unaoonekana bila mashine. Mweusi unamaanisha mafuta yamezidi hewa: pampu, nozeli zinazodondosha badala ya kunyunyiza, au kichujio cha hewa kilichoziba. Wa bluu ni oili inayoungua. Mweupe usioisha baada ya injini kupata moto unaweza kuwa dizeli isiyoungua au maji yanayopenya kwenye gasketi ya hedi. Nozeli zipelekwe kwa fundi mwenye meza ya kuzipima shinikizo na mnyunyizo, naye aone kila moja inavyotoa ukungu. Kuziosha kwa mafuta ya taa na kuzirudisha ni kujipa moyo. Kabla ya kipimo, mwenye Hilux auangalie pia mkanda wa taimingi. Mashine ya dizeli hupima moshi dereva akikanyaga mafuta hadi mwisho gari likiwa halina gia, mara kadhaa mfululizo, na mkanda uliochoka unaweza kukatikia papo hapo na kuivunja injini.

Mafuta yenyewe pia yanahusika. Januari 2015, nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilihamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, kutoka 500, baada ya kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, Mombasa, kuacha kazi mwaka 2013. Yalikuwa mafanikio makubwa. Lakini kati ya bohari na gari kulikuwa na wachanganyaji, na walistawi kwa sababu mafuta ya taa yalikuwa rahisi kuliko dizeli. Septemba 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuiua biashara hiyo. Maumivu yake yaliwafikia wanaopikia na kuwashia taa, na hilo halikuwa dogo. Dereva anayeona moshi umebadilika ghafla baada ya kujaza tangi mahali pageni anastahili kushuku mafuta kabla ya kuigusa injini.

Wapo wanaosema dawa ni moja: magari ya zamani yapigwe marufuku. Uganda ilipitisha sheria mwaka 2018 ya kuzuia uingizaji wa magari yaliyozidi miaka 15, na ilikuwa hatua nzuri kwa mlango wa kuingilia. Haiyagusi yaliyoko ndani tayari. Watu wa Igembe wanajua hali iliyowafanya washikilie magari yao. Uingereza ilifunga soko la miraa Juni 2014, mwaka mmoja na nusu baada ya Uholanzi kufanya hivyo. Somalia ikafunga anga zake kwa zao hilo Machi 2020 na hazikufunguliwa hadi Julai 2022. Mkulima au msafirishaji aliyepitia miaka hiyo hawezi kuambiwa anunue gari jipya kwa amri ya gazeti la serikali. Anaweza kuambiwa atengeneze alilo nalo, ikiwa ataambiwa pia lina ugonjwa gani.

Rwanda ilianza mwaka 2025 kupima moshi wa magari kwa lazima, kwa mashine. Huko California, jimbo la Marekani ambalo limepima moshi wa magari kwa miongo mingi, dereva hupewa karatasi iliyochapishwa yenye matokeo ya kipimo cha gari lake, na mwenye kipato kidogo ambaye gari limefeli anaweza kuomba serikali imchangie gharama ya matengenezo. Msaada huo si upendeleo kwa wachafuzi. Gari moja bovu likitengenezwa hewa ya wote inasafishika, ilhali maskini akisukumwa tu ataendesha usiku.

Watakaosema Afrika haiwezi mambo haya wakumbushwe risasi iliyokuwa kwenye petroli. Juni 2001 nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara zilikutana Dakar na kuazimia kuacha petroli yenye risasi. Kufikia Januari 2006 eneo lote, Kenya ikiwemo, lilikuwa limeacha, tena mapema kuliko wengi walivyotarajia. Agosti 2021 UNEP ilitangaza kwamba dunia nzima imemalizana na petroli hiyo, na kukadiria kwamba hatua hiyo inaepusha vifo zaidi ya milioni 1.2 kila mwaka. Mafundi wa wakati huo walionya kwamba injini za zamani zitakufa bila risasi. Injini hizo ziliendelea kubeba mizigo.

Kinachotakiwa sasa ni kidogo kuliko kile. NTSA ikiandika upya kanuni za ukaguzi, iweke sharti kwamba kila gari linalopimwa moshi lipewe karatasi yenye CO, HC, oksijeni na lambda, au kiwango cha weusi wa moshi kwa dizeli, pamoja na kikomo cha kisheria pembeni yake. Anayefeli apewe siku 30 za kutengeneza na arudi kupimwa bila kulipa ada nyingine kamili. Karatasi yenye namba ni ngumu kughushi kuliko muhuri, kwa sababu gari lile lile likisimamishwa barabarani na kupimwa tena namba zitamuumbua aliyeitoa.

Serikali ya Kaunti ya Meru nayo inasimamia vyuo vya ufundi vya kaunti. Mashine ya kupima gesi za ekzosi iwekwe kwenye karakana ya chuo kilicho karibu na Laare au Maua, vijana wafundishwe kuitumia, na wenye magari waruhusiwe kuja kujipima kwa ada ndogo kabla ya siku ya ukaguzi. Kijana anayejua kusoma lambda atakuwa na kazi ya uhakika katika mji ambao nyumba nyingi zinaishi kwa kutegemea gurudumu kwa namna moja au nyingine. Hata mafundi wazee wenye mikono iliyokomaa watakuja, maana hakuna fundi anayefurahia kurudishiwa gari.

Na kwako mwenye Probox au Hilux unayesoma haya ukisubiri mzigo: kesho muulize fundi wako kama thamostati bado iko ndani ya injini. Kama aliitoa, mwambie airudishe, abadilishe oili na kichujio cha hewa, aangalie ekzosi kama ina ufa, na asikuuzie sensa kabla ya hapo. Siku ya ukaguzi, ukipita au ukifeli, usiondoke kituoni kabla hujadai namba zako.